Mtihani wa Mkono: Jinsi Matabibu Walivyopimwa, Kutoka Baghdad Hadi Vyuo Vyetu





Kila mwaka vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, wanaingia katika vyuo vya utabibu, uuguzi, ukunga, famasia na maabara. Wazazi wanauza ng'ombe, wanauza kiwanja, wanakopa, ili mtoto asome. Mwisho wa muhula tunauliza swali moja tu: "Umepata ngapi?" Ni wachache wanaouliza swali la pili, nalo ndilo zito zaidi: "Mkono wako unaweza kufanya nini?"

Mtu anaweza kuandika kurasa kumi kuhusu kumzalisha mama anayetoka damu nyingi, na akisimama mbele ya mama huyo mikono ikatetemeka asijue aanzie wapi. Cheti chake ni kizuri, lakini mama hatibiwi kwa cheti. Tatizo hili halikuanza na vyuo vya leo. Waliotutangulia walilijua, wakatafuta njia ya kulitatua, na katika juhudi zao yamo mazuri ya kuigwa na makosa ya kuepukwa. Tuitazame historia hiyo kwa ufupi.

Msingi: Dhamana ya Anayetibu

Imepokewa katika Hadithi zilizomo katika Sunan za Abu Daawuud, An-Nasaaiy na Ibn Maajah, maana yake ni kuwa mtu anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ni mwenye kudhamini madhara atakayoyasababisha. Wanachuoni walilifanyia kazi jambo hili. Ibn al-Qayyim (Rahimahu Allaah), aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350 Miladia), alieleza katika Zaad al-Ma'aad aina za matabibu na hukumu zao. Tabibu hodari aliyeifanya kazi kwa haki yake na mkono wake haukukosea hadaiwi kwa madhara yanayotokea baada ya hapo, na mjinga aliyewahadaa watu wakamwamini anadaiwa.

Sasa, ikiwa hukumu inategemea kujulikana, swali linakuja: nani atamjua? Mgonjwa wa kawaida hawezi kumpima tabibu. Ni lazima awepo mtu mwingine wa kumpima kabla hajamfikia mgonjwa. Hapo ndipo mtihani unapoingia.

Baghdad, Mwaka 319 Hijria

Mwaka 319 Hijria (931 Miladia), zama za Khalifa al-Muqtadir wa Bani Abbas, habari ilimfikia Khalifa kuwa mtu mmjoa wa kawaida katika mji wa Baghdad amefariki kwa kosa la tabibu. Khalifa akamwamuru muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na kazi za ufundi, awazuie matabibu wote wasifanye kazi isipokuwa yule aliyetahiniwa na Sinaan bin Thaabit bin Qurrah na kupewa ruhusa kwa maandishi. Sinaan alikuwa tabibu mkuu, mtoto wa mwanahesabu mashuhuri Thaabit bin Qurrah, na ukoo wao ulikuwa wa Wasabai wa Harraan. Yeye mwenyewe alisilimu baadaye.

Habari hii imeelezwa na Ibn al-Qiftiy na Ibn Abi Usaybi'ah, waandishi wa karne ya 13 Miladia waliokusanya maisha ya matabibu. Wanasema waliotahiniwa pande mbili za Baghdad walizidi watu 860. Idadi hiyo haikuwajumuisha waliokuwa wakijulikana kwa ubingwa wao, wala waliokuwa katika utumishi wa mtawala.

Tusimame kidogo hapa. Jambo hili ni kubwa, kwani dola imekubali kuwa uhai wa mtu wa kawaida unatosha kuwasimamisha matabibu wa mji mzima mpaka wapimwe. Lakini pia tunaona mwanya wake. Wenye majina makubwa na wenye kuhudumia wakubwa hawakupimwa. Sifa ya mtu ilihesabiwa kuwa ni ushahidi wa ujuzi wake. Je, hayo yamekwisha zama zetu?

Mzee na Mwanawe

Katika siku hizo za mtihani kuna kisa mashuhuri. Aliingia kwa Sinaan mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinaan akamheshimu, akamkalisha karibu naye, akaendelea na wengine. Watu walipoondoka, akamwomba mzee aseme chochote cha faida ili naye anufaike, na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa karatasi yenye dinari, akaiweka mbele ya Sinaan, akakiri kuwa hajui vizuri kusoma wala kuandika, hajasoma kitu, ila ana familia na riziki yake inategemea kazi hiyo. Akaomba asikatiwe.

Sinaan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asimwagize mtu kutolewa damu au kunywa dawa ya kuharisha isipokuwa katika maradhi mepesi yanayojulikana. Mzee akajibu kuwa huo ndio mwendo wake maisha yote, hajavuka sharubati ya siki na asali na vinywaji vya mfano huo.

Kesho yake akaja kijana mtanashati, mwenye kuonekana na akili. Sinaan akamuuliza amesoma kwa nani. Akasema kwa baba yake. Baba yake ni nani? Ni yule mzee aliyekuja jana. Sinaan akamuuliza kama anafuata mwendo wa baba yake. Akajibu ndiyo. Akaambiwa asiuvuke, aende zake salama.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kwa kicheko. Lakini tukikitazama kwa makini tunaona mambo mawili, moja jema na moja baya.

Jema ni mpaka. Sinaan hakumpa mzee ruhusa ya kila kitu, alimwekea mstari. Kazi fulani anaziweza, azifanye, na nyingine asiziguse. Msingi huo ndio unaotumika mpaka leo, pale mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi, mkunga, tabibu na daktari bingwa kila mmoja anapokuwa na mipaka yake.

Baya ni kuwa hakuna aliyeutazama mkono. Mzee aliulizwa maneno, na kijana akauliziwa baba yake. Hakuna aliyeletewa mgonjwa mbele yake. Kijana alipita kwa jina la mzee ambaye mwenyewe alikiri kuwa hajui. Na zile dinari zilizowekwa mezani zinatukumbusha kuwa rushwa ya mtihani ina umri mrefu.

Karatasi Juu ya Tofali

Miaka zaidi ya 200 baadaye, katika karne ya 12 Miladia huko Sham, 'Abdur-Rahmaan bin Nasr ash-Shayzariy aliandika kitabu cha mwongozo kwa wasimamizi wa hisba, Nihaayat ar-Rutbah fiy Twalab al-Hisbah. Ndani yake tunakuta jambo jipya: mtihani wa mkono wenyewe.

Kuhusu wapiga chuku, anaeleza kuwa muhtasib awajaribu kwa karatasi iliyobandikwa juu ya tofali. Mtu anaamriwa achanje juu ya karatasi ile. Ikiwa wembe umepenya, basi mkono wake ni mzito na ufundi wake ni mbaya. Kuhusu wanaotoa damu kwa kupasua mshipa, anataka mwanafunzi afanye mazoezi marefu kwenye mishipa ya majani ya silq, mboga ya jamii ya biti-ruti, mpaka mkono utulie. Matabibu wa macho wapimwe kwa kitabu cha Hunayn bin Ishaaq juu ya jicho. Waunga mifupa wajue idadi ya mifupa, ambayo kwa hesabu ya zama zile ilikuwa 248, pamoja na umbo na kipimo cha kila mfupa. Leo tunahesabu mifupa 206 kwa mtu mzima, lakini kusudio ni lile lile: mfupa ukivunjika au ukiteguka, ajue urudi wapi.

Angalieni hekima ya lile tofali. Kwanza, hakuna mgonjwa anayeumia kwa makosa ya mwanafunzi. Pili, kila mtahiniwa anapewa kitu kile kile. Tatu, jibu linaonekana kwa macho: karatasi imepenya au haikupenya. Hakuna nafasi ya kusema "huyu ni mtoto wa fulani". Kitabu hiki ni mwongozo, kinasema linalopaswa kufanywa, na hakithibitishi kuwa kila mji ulifanya hivyo. Hata hivyo fikra ilikuwepo na iliandikwa.

Ash-Shayzariy anasimulia pia utaratibu anaounasibisha na Wayunani. Tabibu aandike alichokiona na alichoagiza, nakala abaki nayo jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa akifariki, nakala zile zipelekwe kwa tabibu mkuu azikague. Akiona kazi imefanywa sawasawa, jamaa wanaambiwa kuwa ajali imefika. Akiona kuna uzembe, wanaambiwa wamdai tabibu dia ya ndugu yao. Yaani upimaji haukomei siku ya kupewa ruhusa.

Darasa Kando ya Kitanda

Ujuzi haupatikani siku ya mtihani, unajengwa. Ibn an-Nadiim, aliyeandika Fihrist yake mwaka 377 Hijria (987 Miladia), ameeleza jinsi Abu Bakr ar-Raaziy alivyofundisha. Wanafunzi walikaa kwa safu. Mgonjwa akija, anaeleza hali yake kwa wale wa safu ya kwanza anaokutana nao. Wakishindwa, anapelekwa kwa waliowazidi. Nao wakishindwa, ndipo ar-Raaziy mwenyewe anazungumza. Kila mgonjwa alikuwa mtihani mdogo, mbele ya wenzao na mbele ya mwalimu.

Katika hospitali ya an-Nuuriy mjini Damascus, iliyoasisiwa na Nuur ad-Diin Zangiy mwaka 1154, Ibn Abi Usaybi'ah alisoma kwa Muhadhdhab ad-Diin ad-Dakhwaar na kwa tabibu wa Kiyahudi 'Imraan al-Israaiyliy. Anasimulia kuwazunguka wagonjwa pamoja nao na kunufaika na mashauriano yao. Mwanafunzi aliyeonwa kila siku wodini ni vigumu kujificha, kwani mwalimu anamjua kabla ya mtihani kufika.

Ulaya: Maneno Mengi, Kisha Kitanda

Ulaya nayo ilipita njia ndefu. Mfalme Roger wa Pili wa Sicily aliagiza mwaka 1140 kuwa anayetaka kutibu atahiniwe kwanza. Hata hivyo kwa karne nyingi mitihani ya vyuo ilikuwa ya mdomo, mara nyingi kwa Kilatini, juu ya vitabu vya wakale. Mtu aliweza kuwa daktari kwa kubishana vizuri.

Wakunga walitangulia katika vitendo. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique du Coudray idhini ya kuzunguka nchi na kufundisha. Yeye alitengeneza mwanasesere wa kitambaa na ngozi, wenye umbo la nyonga ya mama na mtoto wake, ili wanawake wa vijijini wafanye mazoezi ya kuzalisha kwa mikono kabla ya kukutana na mzazi halisi. Mmoja wa wanasesere hao umehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Ni lile lile wazo la tofali na jani la mboga, ingawa yeye alilifikia kwa njia yake mwenyewe.

Nchini Uingereza, George Paget alifanikiwa mwaka 1842 kuingiza mtihani wa kando ya kitanda katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Utaratibu huo ukaenea na ukawa desturi: mwanafunzi anapewa mgonjwa mmoja, anakaa naye, anampima, kisha anawaeleza watahini alichokiona. Desturi hiyo ndiyo iliyofika Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya tiba, Makerere kuanzia 1924, Dar es Salaam kuanzia 1963 na Nairobi kuanzia 1967. Madaktari wengi wazee wetu walipita hapo, na bado wanakumbuka jasho lake.

Ila mtihani huo ulikuwa na bahati nasibu ndani yake. Mmoja anapata mgonjwa mwepesi, mwenye kuzungumza vizuri. Mwenzake anapata mgonjwa mwenye maradhi matatu na lugha asiyoielewa. Mtahini mmoja ni mpole, mwingine amekasirika tangu asubuhi. Na mara nyingi hakuna aliyemwona mwanafunzi akimpima mgonjwa, kwani watahini walisikia masimulizi tu. Nchini Marekani, bodi ya taifa ya mitihani ya udaktari iliuacha mtihani wake wa kando ya kitanda katika miaka ya 1960, baada ya kuonekana kuwa watahini hawakubaliani katika alama wanazotoa.

Mgonjwa wa Kuigiza na Kengele ya Dundee

Mwaka 1963 huko Los Angeles, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alimfundisha mwanamke mwenye afya njema aigize mgonjwa aliyepooza miguu. Kila mwanafunzi alikutana na "mgonjwa" yule yule mwenye malalamiko yale yale. Baadaye mwanamke yule alieleza mwanafunzi alifanya nini na nini hakufanya. Wenzake Barrows wengi walimbeza, wakaona ni mchezo wa kuigiza. Leo njia hiyo inatumika duniani kote.

Kisha mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza mtihani wa aina mpya. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Katika mtihani wa vitendo kuna vitu vitatu: mwanafunzi, mgonjwa na mtahini. Tukitaka alama ieleze habari za mwanafunzi, basi mgonjwa na mtahini wasibadilike kutoka mtahiniwa mmoja hadi mwingine. Wakagawa mtihani katika vituo vingi vifupi. Kituo hiki umuulize mgonjwa historia yake, kile upime kifua, kingine usome majibu ya maabara. Kengele inalia, kila mmoja anasogea. Mwisho wa siku wote wamepita njia moja, na kila kituo kilikuwa na orodha ya kutia alama iliyokubaliwa kabla.

Huo ndio mtihani ambao wanafunzi wetu wanauita OSCE na kuuogopa kuliko wote. Kutoka kwa madaktari ulienea kwa wauguzi, wakunga, wafamasia na madaktari wa meno. Muuguzi kutoka Kenya, Uganda au Tanzania anayekwenda kufanya kazi Uingereza anakutana nao, kwani tangu 2014 baraza la uuguzi la huko linawapima wauguzi wa nje kwa mtihani wa kompyuta kisha kwa mtihani wa vituo.

Kwa nini vituo vingi ni bora kuliko mgonjwa mmoja? Utafiti uliochapishwa na Arthur Elstein na wenzake mwaka 1978 ulionyesha kuwa mtu hodari katika tatizo moja si lazima awe hodari katika jingine. Anayejua moyo huenda asijue tumbo. Kumpima kwa mgonjwa mmoja ni kama kuonja nafaka ya gunia zima kwa punje moja.

Kasoro Hazikukosekana

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Kuna wanafunzi wanaokariri orodha ya alama kama mashairi. Anaingia, anajitambulisha, ananawa mikono, anauliza "una maswali?" kisha hasubiri jibu. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa maoni ya jumla ya mtahini mzoefu yanaweza kumtambua mjuzi vizuri kama orodha, au hata zaidi yake.

Gharama nayo ni kubwa. Marekani ilikuwa na mtihani wa taifa wa wagonjwa wa kuigiza kwa madaktari tangu 2004, ukifanyika katika miji mitano tu kwa ada iliyofikia karibu dola 1,300. Ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Wapo walioshukuru, kwani karibu wote waliosoma huko walikuwa wakifaulu. Wapo waliohofia kuwa vyuo vitalegea.

Mwaka 1990 George Miller alichora piramidi yenye ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha kufanya, na juu kabisa, anafanya. Mtihani wa vituo unafika ngazi ya tatu. Ngazi ya nne, yaani anachokifanya usiku wa manane akiwa peke yake wodini, mtahini haioni. Allaah Anaiona. Ndiyo maana siku hizi vyuo vinaongeza upimaji wa kazini: mwalimu anamtazama mwanafunzi akifanya kazi halisi, mara nyingi na kwa muda mfupi, kisha anamwelekeza papo hapo. Huko ni kurudi kwenye safu za ar-Raaziy.

Tunajifunza Nini?

1. Kwa mwanafunzi: kitabu cha mazoezi kinachosainiwa wodini ni ushahidi. Anayeomba asainiwe mishono kumi ilhali ameshona miwili ametoa ushahidi wa uongo juu ya mwili wa mtu asiyemjua. Fanya mazoezi kwenye kipande cha nyama, kwenye sponji, kwenye mwanasesere wa chuo, mpaka mkono wako utulie.

2. Kwa mwalimu na mtahini: usimpitishe mtu kwa jina la baba yake, wala kwa huruma ya ada aliyolipa. Huruma ya kweli ni kumwonyesha kosa lake na kumpa nafasi ya kurudia. Na ukiona anaweza haya na hawezi yale, mwekee mpaka kama Sinaan, lakini mtazame mkono kwanza.

3. Kwa mzazi: mtoto akirudia mtihani wa vitendo, usimfanye aone aibu ya ukoo. Ni heri arudie kituo kimoja leo kuliko familia nyingine imzike mtu wao kesho. Wala usikubali kutoa "bahasha" ili apite. Bahasha hiyo ni zile dinari za mzee wa Baghdad, na ikipita, mtoto anaingia wodini na kazi asiyoiweza.

4. Kwa wote: katika orodha nyingi za mtihani wa vituo mna alama za kuomba ruhusa ya mgonjwa, kumsitiri, na kufunua sehemu inayohitajika tu. Haya si mageni kwetu. Kijana aliyelelewa nyumbani kwa kubisha hodi na kuheshimu sitara ya watu amekwishaanza kujifunza sehemu ya kazi yake.

Yule mtu aliyefariki Baghdad mwaka 319 Hijria hatujui hata jina lake. Kwa ajili yake, matabibu zaidi ya 860 walisimama mbele ya mtahini. Kila mgonjwa anayelala leo katika kitanda cha hospitali zetu, awe Bujumbura, Mbale, Kigoma au Mombasa, ana haki ile ile.

Tunamuomba Allaah Awape wanafunzi wetu elimu yenye manufaa na mikono yenye uaminifu, na Awaponye wagonjwa wetu. Aamiyn.

Wallaahu a'lam.